Naomba ushauri: niandikeje habari za Marburg kwa ukoo wangu bila kuwatisha wala kuwalegeza?

Binti_wa_Rau (Moshi), Februari 2025

Ndugu zangu, salamu kutoka Rau. Ukoo wetu umenipa kazi ya kuandika matangazo katika kundi letu la WhatsApp lenye watu 62, wengi wao wazee wanaoamini kwamba nikiandika mimi, basi nimehakikisha. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza akiwa Dodoma kwamba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoweza kuua, vimethibitishwa mkoani Kagera, niliwapa habari jioni ileile. Juzi, baada ya hesabu mpya kutolewa, niliandika sentensi moja: "Marburg: watu 10 wameugua, wote 10 wamekufa." Kila neno lilikuwa la kweli.

Kilichofuata kinaninyima usingizi. Mama yangu, mwenye miaka 71, amekataa kwenda kliniki ya presha kwa sababu, asemavyo, hospitali ndiko wagonjwa wanakopelekwa, na dawa zake zimekwisha. Binamu yangu, ambaye hupeleka mizigo Bukoba kwa lori na mara nyingine hulala Biharamulo, kulekule kwenye ugonjwa, alijibu kwa maneno matatu: "Hata Korona ilipita." Aliye mbali amejifungia ndani, na anayepita mlangoni pa ugonjwa hakushtuka. Wote wawili walisoma sentensi ileile. Nilikosea wapi, na niandikeje safari ijayo?

Nesi_Mstaafu (Ngaramtoni)

Mwanangu, pole. Kabla ya yote mpeleke mama kliniki, maana presha isiyo na dawa ndiyo hatari iliyo karibu naye leo.

Sasa tuje kwenye sentensi yako. Mtu anaposikia habari ya ugonjwa huwa na maswali mawili moyoni: "Je, nitaupata?" na "Nikiupata, nitapona?" Wewe ulijibu la pili peke yake, na mama akalichukua kuwa jibu la swali la kwanza. Kumi kati ya kumi ni hesabu ya waliougua katika wilaya moja, si hesabu ya wakazi wa Rau, lakini mtu aliyekwisha kuingiwa na hofu hatengi mambo hayo, na mwandishi ndiye anayepaswa kumtengea.

Jambo hili limewahi kuumiza watu wengi. Mwezi Oktoba 1995, wanawake wa Uingereza walitangaziwa kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Ilikuwa kweli, ila maana yake ilikuwa kwamba hatari ilitoka kwa mwanamke 1 kati ya 7,000 na kufikia 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge kwa woga, na mwaka uliofuata mimba zisizotarajiwa na utoaji mimba viliongezeka. Neno "maradufu" lilisikika nchi nzima. Ile 7,000 haikusikika.

Tena hukueleza ugonjwa unavyoambukiza. Korona ilitufundisha kuogopa pumzi ya jirani, na mama bado anaishi na somo hilo. Marburg hupita kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, au vitu vilivyochafuliwa navyo. Ndiyo maana walio hatarini zaidi ni wanaouguza na wanaoosha maiti. Anayelijua hilo hupata mahali pa kuielekeza hofu yake.

Mwalimu_Himo

Naongeza kidogo. Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha majaribio ambamo watu waliambiwa kuna ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Mpango wa uhakika ulipoelezwa kwamba utaokoa watu 200, asilimia 72 waliuchagua, wakauacha mwingine wa kubahatisha. Kundi jingine lilipoelezwa mpango huohuo kwa maneno kwamba watu 400 watakufa, waliouchagua walikuwa asilimia 22 tu. Hesabu ni ileile, maneno ndiyo yaliyowageuza. Basi, dada, usimlaumu mama.

Mkulima_Tengeru

Nisameheni, lakini naona mnaelekea kulainisha habari, na hilo silikubali. Ugonjwa ulioua kila aliyeupata safari hii ni wa kuogopwa. Nakumbuka Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alipotangazwa kuwa yuko hapa Arusha. Tulishtuka, lakini tulinawa mikono. Takwimu zilipoacha kutolewa mwishoni mwa Aprili mwaka huo, hofu haikuondoka. Ilihamia kwenye tetesi, na kila mazishi yakawa na maneno yake. Mwambie mama habari yote, pamoja na vifo.

Binti_wa_Rau

Nawashukuru nyote. Mama amekubali twende kesho asubuhi, baada ya mimi kukaa naye na kumweleza ilipo Biharamulo. Mkulima, nimekuelewa, na vifo sikuviondoa. Naomba mnipimie rasimu hii:

"Watu 10 tu wamehesabiwa kuugua Marburg wilayani Biharamulo: 2 wamethibitishwa na maabara, 8 wanadhaniwa kuwa walikuwa nayo. Wote wamefariki. Ugonjwa huu hauenei kwa hewa. Huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Aliye Moshi aendelee na kliniki na soko kama kawaida. Anayepita Kagera asimguse mgonjwa wala maiti, anawe kwa sabuni, na akipata homa ndani ya siku 21 awahi hospitali na aseme alikotoka."

Mkulima_Tengeru

Hii naikubali.

Nesi_Mstaafu

Futa neno "tu" baada ya 10. Binamu yako atalishika hilo na kuyaacha mengine yote. Maagizo ya Kagera mtumie pia yeye peke yake, kabla hajapakia mzigo, kwa sababu agizo la watu 62 kila mmoja hudhani ni la mwenzake. Wazee wasomee kwa sauti yako, polepole, na ukifika kwenye "Wote wamefariki" usitue hapo. Unganisha moja kwa moja na namna unavyoambukiza.