Snoblowa ya petroli: mnamwaga mafuta, mnatia dawa, au mnanunua ya bila ethanoli?

Mnyalu_Minneapolis:
Wakuu heshima kwenu. Nina snoblowa (mashine ya kurusha theluji pembeni) ya steji mbili, yaani visu vinakusanya na feni inarusha, upana inchi 24, four-stroke, nilimpa mtu dola 350 mwaka juzi. Jumatatu theluji imeshuka inchi kama 8, nimeamka saa 11 alfajiri najua nusu saa tu kazi imeisha niende zangu job, nikavuta kamba mpaka bega likaniita jina. Kimya. Ukivuta choki inawaka sekunde tano, ukirudisha inazima. Nikaishia kwenye koleo huku jirani, mzee wa miaka sabini na kitu, anapita na ya kwake taratibu ananipungia mkono. Na hapa Minneapolis theluji ikiacha kushuka una masaa 24 tu uwe umesafisha kile kijia cha mbele ya nyumba.

Fundi kanilima dola 140, kasema kabureta imeziba. Kosa langu nalijua, mwezi wa tatu niliisukuma gereji na petroli yake ndani nikaisahau. Sasa nataka kujua nyie ikifika masika ya huku mnafanyaje: mnamwaga mafuta yote, mnatia ile dawa ya kutunza petroli, au mnanunua petroli isiyo na ethanoli? Mtu akiniambia nihamie Texas simjibu.

FundiWaBoda:
Pole mkuu. Mi nimefungua kabureta za boda miaka sita Mbagala kabla sijaja Ohio na nakwambia hiyo ya snoblowa ni ndugu yake kabisa, bakuli chini, floti, jeti katikati. Ile jeti ina tundu dogo, nyembamba kama sindano. Petroli ya pampu za huku nyingi ina ethanoli asilimia 10, na ethanoli inavuta unyevu wa hewani. Ikikaa miezi, petroli nyepesi inaruka, inabaki gundi inanuka kama vanishi, na maji yanakaa chini ya bakuli. Ukifungua jeti ukaiangalia kwenye mwanga wa taa unatakiwa uone nukta ya mwanga. Usipoiona ndo ugonjwa wenyewe. Choki ikiwa imevutwa inazuia hewa, injini inanyonya mafuta kwa nguvu, ndo maana yako iliwaka na choki tu.

Hiyo dola 140 ungeibakiza. Funga koki ya mafuta, fungua nati moja chini ya bakuli, toa jeti, puliza spray ya kabureta, pitisha uzi mmoja wa waya laini wa umeme (usichokonoe na msumari utaipanua), rudisha. Dakika arobaini ukiwa na chai pembeni.

MamaWatatu_Buffalo:
Mi nipo timu dawa. Huku Buffalo hatuchezi, Novemba 2022 Orchard Park ilipata theluji zaidi ya futi 6, snoblowa ikigoma siku kama ile unabaki ndani na watoto mpaka mtayamaliza mahindi yote. Dawa ninayotumia mimi aunsi moja inatosha galoni 2 na nusu. Naitia kwenye kidumu SIKU ninayonunua mafuta, sio mwezi wa nne. Watu wanakosea hapo, wanaimwaga kwenye petroli iliyokwisha kuchacha wanadhani itafufuka. Haifufui maiti hiyo. Halafu mwisho wa msimu najaza tangi karibu na juu ili hewa isipate nafasi, nawasha dakika kumi ili iliyotiwa dawa ifike mpaka kwenye kabureta, ndo nazima. Mwaka wa nne huu haijanisumbua

Kivu_Maine:
Bandugu, mimi niko Portland, mimi namwaga yote. Ile esansi (petroli) ikikaa ndani miezi saba, unategemea dawa ya nini? Nanyonya ya tangi na kimpira, naipeleka kwenye gari (gari haina shida nayo kama bado mpya), kisha nawasha mashine mpaka izime yenyewe kwa njaa.

FundiWaBoda:
@Kivu_Maine uko sawa ila haujamaliza. Ikizima kwa njaa bado kuna matone kwenye bakuli, na hayo matone ndo yanageuka gundi. Chini ya bakuli kuna skrubu au nati ya kumwagia, fungua yatoke, weka kikopo chini. Ubaya wa kumwaga yote: kwenye mashine za zamani zenye tangi la chuma, tangi tupu linashika kutu. Na gasketi zingine zikikauka zinasinyaa zinaanza kuvuja.

Mnyalu_Minneapolis:
Aah sasa mmenichanganya zaidi, kila mmoja anashinda kwenye kesi yake 😂

StPaul_Kimya:
Jirani, wewe uko Minnesota, mbona suluhisho liko barabarani? Kuna vituo huku vinauza premium ya oktani 91 isiyo na ethanoli, imeruhusiwa kwa ajili ya mashine ndogo, boti, pikipiki na magari ya kale. Soma kibandiko kwenye pampu. Bei iko juu ila mashine yako inakunywa galoni ngapi kwa msimu mzima? Mi hazifiki tano. Zile za kopo la dukani ni safi lakini galoni moja inaweza kukata dola 25 kwenda juu, hizo nanunua kopo moja tu la kumalizia msimu, ndo inayolala kwenye kabureta.

Kitu kimoja watu hawakijui: pampu yenye mpira mmoja kwa mafuta yote, ule mpira umebaki na petroli ya aliyetangulia. Ukianza na kidumu unapata ya kwake. Weka kidogo kwenye gari kwanza, ndo ujaze kidumu. Na ukijaza, kidumu kiweke chini ardhini, sio ndani ya buti.

Kisauni_Toronto:
Mi nilishachoka na hizo harufu nikanunua ya betri. Bonyeza, inaenda. Kwa draivuwei (njia ya kuingizia gari nyumbani) ya magari mawili na theluji kavu inatosha kabisa.

MamaWatatu_Buffalo:
@Kisauni_Toronto na ile theluji nzito ya maji ambayo greda la mji likisafisha barabara linaisukumiza mdomoni mwa draivuwei? Hapo betri inaenda dakika ngapi 😏

Kisauni_Toronto:
Hapo dada namaliza na koleo, sikatai

FundiWaBoda:
Mkuu @Mnyalu_Minneapolis kwenye kuwasha pia: itoe nje kwanza, moshi wa gereji unaua hata mlango ukiwa wazi nusu. Pima oili (kwa baridi ya kwenu 5W-30), fungua koki, mkono wa kuongezea moto uweke kwenye picha ya sungura (mwendo wa juu), choki yote, bonyeza kile kipira cha kusukumia mafuta mara mbili tatu, vuta kamba polepole mpaka ikaze ndo uivute kwa nguvu. Ikiwaka rudisha choki kidogo kidogo. Ikiwa bado ya moto usiguse choki, utaizamisha na mafuta.

Na mdomo wa kutemea ukiziba, ZIMA, subiri visu visimame, tumia kile kijiti cha plastiki. Mkono kamwe, hata kama imezimwa, visu vinaweza kuwa vimebana vinasubiri kuachia.

Mnyalu_Minneapolis:
Nimerudi wakuu. Jumamosi nimechukua galoni 2 za bila ethanoli, nimetia na dawa ya mama wa Buffalo juu yake, najua mtanicheka. Jana inchi 5, mvuto wa pili ikawaka. Nimefika kwenye tuta la greda nikasikia kaaa, kisu cha kushoto kimesimama, pini imekatika. Nikaenda duka la vifaa nikarudi na bolti ya kawaida, ya chuma kizuri

FundiWaBoda:
Toa hiyo bolti sasa hivi. Ile pini imewekwa laini ili ikatike yenyewe, ukiweka ngumu kinachokatika ni gia boksi.

Mnyalu_Minneapolis:
Nipo natoa. Zinauzwa wapi hizo pini?