MREJESHO: mdogo wangu na usingizi wa dawa za kifafa

Wakuu habari zenu. Niliuliza hapa kuhusu mdogo wangu wa kiume, tupo Pasua, Moshi, anatumia fenobabitoni asubuhi na usiku, mchana kutwa anasinzia hadi dukani wateja wanamwamsha, mkanishauri nisimkatishe dawa nimrudishe kliniki. Asanteni sana kwa kweli.

Tulienda. Daktari akatuelezea vizuri mno, kwamba hiyo dawa inakaa mwilini muda mrefu, siku kadhaa, kwahiyo si lazima igawanywe mara mbili, akampangia dozi yote anywe usiku tu. Pia akasema inaleta usingizi ila inapunguza ule usingizi wa ndoto, ndo maana mtu analala masaa mengi na bado anaamka kachoka. Na akauliza kitu ambacho sisi hatukukiwaza, je usiku anashtuka au anang'ata ulimi? Maana degedege la usiku nalo linakata usingizi alafu watu wanalaumu dawa. Mama akasema kuna asubuhi shuka lina damu, basi hilo wanalifuatilia.

Sahivi mchana yuko macho, bado mzito mzito asubuhi lakini chai anachemsha mwenyewe. Isipokaa sawa watambadilishia lamotrijini taratibu, hiyo kwa wengine inafukuza usingizi, na kukosa usingizi kunaamsha kifafa, kwahiyo hawataki haraka. Wenye ndugu kama huyu jamani msiache dawa ghafla, degedege linaweza kurudi mfululizo likaua.