Mrejesho: Katuni moja kwa magazeti mawili

Wakuu, niliuliza kama mchoraji wa katuni niliyepo Mtwara naweza kuuza mchoro mmoja kwa magazeti mawili. Inawezekana, mradi uuze ruhusa ya kuchapa tu, hakimiliki ibaki kwako. Mhariri mmoja alitaka haki zote. Tukavutana, mwishowe akakubali kuchapa mara moja tu.

Marekani kuna mawakala wa kusambaza katuni, mapato mara nyingi nusu kwa nusu. Huku wakala ni mimi na WhatsApp yangu!

Kasheshe ni mada. Utani wa mnada wa korosho huku wanacheka hata bila maelezo. Kwa wasomaji wa Dar ikabidi nimchore karani akiinua gunia mzanini kwa ncha ya kiatu ili kumpunja mkulima uzito, ndipo wakaelewa. Malipo ya gazeti la pili bado nafuatilia.