Kituo cha kumi na mbili mtu anatangaza chipsi kuku??

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira. Yule mratibu wa safari za sikukuu mnamjua, wa kofia na spika la mkononi. Simtaji. Ijumaa Kuu katubeba toka Dar mpaka Bagamoyo: asubuhi Njia ya Msalaba, mchana magofu ya Kaole, jioni nyumbani.

Kuchelewa tumechelewa, sawa. Nimesafiri na ndoo ya kachumbari mapajani, sawa. Sasa tufike kituo cha kumi na mbili. Yesu anakufa msalabani. Umati mzima magoti chini, kimya, hata vitoto vimeacha kulia. Mara spika likakohoa huko nyuma: "WALIOLIPIA CHIPSI KUKU WASOGEE KWENYE BASI, ZINAPOA!"

Kuku! Ijumaa Kuu! Kituo cha kumi na mbili! Padri akafumbua jicho moja. Bibi wa pembeni yangu akafanya ishara ya msalaba mara mbili, ya pili nadhani ilikuwa ya kuku.

Kaole ndiyo usiseme. Msikiti wa karne ya 13 tumeuona kama tunakimbizwa na mgambo. Ule mbuyu wanaosema ukiuzunguka unaongezewa umri, nimefika nusu, honi hiyo! Lakini hayo nasamehe. KITUO CHA KUMI NA MBILI jamani!

Mzee wa Kona: Swali dogo mkuu. Ulilipia kuku au hukulipia?

Mleta uzi: Hilo halihusiani na mada.

Binti Tegeta: Kalipia huyo 😂 kakuta vipapatio.

Kobe Mkavu: Sisi alituonyesha mnara wa kanisa la zamani pale misheni, eti kajenga Livingstone. Livingstone kapitishwa hapo 1874 akiwa maiti. Maiti inajenga?

Mswahili Asilia: Na nyie mnaokalia makaburi ya Kaole mkipiga selfi, uzi wenu unafunguliwa lini?

Chumvi Nyingi: Afadhali nyie wa basi la kukodi. Sie wa Makumbusho–Bagamoyo sikukuu nauli inapanda mchana kweupe.

Kobe Mkavu: Kuna konda njia hiyo hana chenji tangu enzi za Mkapa.

Binti Tegeta: Mwenye jino la dhahabu? Ana elfu mbili yangu!!

Chumvi Nyingi: Na yangu!

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kituo cha kumi na mbili.

Mgeni Njiani: Ndiyo wapi hapo, kabla ya Kerege au baada?