Hiyo "chaneli ya hapa mjini" mnayouziwa kwenye kebo haina hata studio hapa mjini!

Wakuu, nimechoka kuona watu wanapigwa. Nazungumzia miji midogo ya Marekani, na hasa Bowling Green, Kentucky, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kongo wamehamia. Wanauziwa kifurushi cha kebo kwa maneno kwamba bila hicho hawapati mitandao mikubwa ya televisheni kama ABC, NBC, CBS na Fox. Uongo!

Kwanza jueni hizi chaneli zinavyotengenezwa. Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, imeigawa Marekani katika masoko 210 ya televisheni. La kwanza New York, la mwisho Glendive, Montana. Soko dogo halina matangazo ya biashara ya kulisha vituo vitano, kwa hiyo mtandao uliokosa kituo unaziba pengo kwa chaneli ya setilaiti inayoingia kwenye kebo. Foxnet, chaneli ya mtandao wa Fox, ilifanya hivyo kuanzia 1991 hadi 2006. Mtandao wa The WB ukaja na yake 1998 kwa masoko ya nafasi ya 100 kwenda chini, The CW Plus ikairithi 2006. Enzi za WB zilipewa hata herufi za utambulisho wa kituo ambazo FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, haikuzitoa! Ratiba nzima inapangwa mbali, mjini kwenu yanachomekwa matangazo tu.

Na hata huko kuchomeka wanalipua. Chaneli mama inatuma ishara iliyofichwa, mashine ya mjini inaipokea na kuingiza tangazo la sekunde 30. Ishara ikichelewa, tangazo linapanda juu ya kipindi. Isipofika kabisa, mnaangalia kiza. Hakuna anayekaa kuikagua, na ukipiga simu kebo wanasema ni mtandao, mtandao wanasema ni kebo.

Linaloniuma zaidi ni hali ya hewa. Desemba 2021 kimbunga kiliua watu Bowling Green usiku. Usiku kama ule unahitaji mtangazaji anayetaja barabara moja moja, na chaneli inayopangwa mbali haina mtu wa kufanya hivyo. Kebo hupitisha tahadhari fupi tu. Kampuni za dishi FCC inazilazimisha zile za kitaifa tu, za mkoa zinawafikia mkiwa kwenye kituo cha hapo hapo. Halafu kampuni moja kubwa ya dishi ikakaa miaka bila kubeba vituo vya masoko 12, Bowling Green likiwemo!

Sasa sikilizeni. Tangu dijitali ya Juni 2009 mtambo mmoja unabeba chaneli kadhaa. Bowling Green, kituo cha WBKO kinatoa ABC kwenye 13.1, Fox 13.2 na CW 13.3. Kituo cha WNKY kinatoa NBC 40.1 na CBS 40.2. Zote bure hewani. Kasoro ipo: masafa ya MHz 6 yanabeba takriban megabiti 19 kwa sekunde, zikigawanywa kwa watatu picha ya mpira inafifia kwenye chaneli ndogo. Bado ni bure.

Wengi wanashindwa kwenye antena. WBKO inarusha kwa VHF, MHz 210 hadi 216, na zile antena bapa kama karatasi nyingi zimeundwa kwa UHF, masafa ya juu zaidi anayotumia WNKY, ndiyo maana 40 inashika na 13 inakatika. Tumieni ya mikono miwili, kila mkono uvutwe kama sentimita 35, ilale mlalo, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Msikimbilie kununua amplifaya, itakuza na kelele za taa za LED. Kwenye TV chagueni antena kabla ya kutafuta chaneli. Ikibaki kwenye kebo haitapata kitu.

Wenye kebo angalieni bili, kuna mstari wa ada ya vituo vya hewani, mnalipia hivyo hivyo vilivyo bure. Wekeni bili zenu hapa, mfute majina, na mseme mko mji gani.