Tablete 3, batoto 84 mu klasi ya kwanza, nifanye aje?

Mwalimu_Ndosho:
Jambo bandugu, niko nafundisha klasi ya kwanza primeri hapa Goma, tangu masomo ya primeri ikuwe bure mu 2019 batoto banaongezeka tu, sasa niko nabo 84. Muzazi moja ametuletea tablete 3 za okazio (zenye zilishatumikaka). Juzi nikazigawa ku meza za mbele, mutoto moja akatema mate juu ya ekran na kuifuta na mukono ya shati, njo vile anafutaka aridwazi yake (kibao ya kuandikia na chaki) 😂 bale ba nyuma nao bakaanza kupanda ku meza juu baone, kelele mupaka direktere akakuja. Na kuran (umeme) munaijua, inakuja vile inataka. Bale bamejaribu na badogo, munafanyaka aje?

Yaya_Himbi:
Pole mwalimu. Usizigawe! Tumia moja tu, urekodi sauti. Mutoto anasoma ba be bi bo bu, unamusikilizisha. Miye niko na kasichana kenye hakasemaka kitu mu klasi, kalipojisikia kakasema "mwalimu rudia, hapo nimeruka", sikukuwa nimekaambia kosa hata moja. Batano batano kila siku, mu mwezi moja bote bamepita.

Papa_Majengo:
Kuna apli ya onebillion na ya Kitkit School, njo zilishinda XPRIZE, shindano ya dunia ya apli za kufundisha batoto, mu 2019. Zilijaribiwa Tanga kule Tanzania, batoto karibu 3,000 mu vijiji 170, miezi 15. Ziko na Kiswahili, hazihitaji intaneti, tena ni za bure. Weka hizo, batoto bajifunze beyewe.

Mwalimu_Ndosho:
Asante papa, lakini kule kila mutoto alikuwa na tablete yake na mu kijiji baliweka fasi ya kuchajia na jua, miye niko na 3. Halafu Kiswahili ya kule, mmm, apli moja ilionyesha picha ya kiazi, bote bakalalamika "birayi! birayi!"

Yaya_Himbi:
Birayi si tatizo, utabaambia ni kitu kimoja, bataisomaka mu kitabu siku moja. Shida ni saa. 3 kwa 84, kila moja atagusa dakika ngapi? Fanya sauti kwanza, aridwazi zibakie.

Mwalimu_Ndosho:
Sawa yaya, nitaanza lundi (jumatatu). Mwenye anajua fasi banauzisha plaki ya jua (ya kuchajia) ya bei ndogo aniambie. Na kitambaa, ile mate imeshakauka ku ekran.