Mjadala: Ingeborg Holm ilibadilisha sheria kweli, au tunampa Sjöström sifa za bure?

Kipanga77: Wadau, nimeangalia Ingeborg Holm ya Msweden Victor Sjöström, ya 1913. Mjane duka linamfilisi, anatupwa nyumba ya maskini, watoto wanagawiwa kwa watu baki. Anapata wazimu, anabembeleza kipande cha ubao kama mtoto. Inasemekana mwaka uliofuata tu Sweden wakabadilisha sheria. Hiyo ndiyo sanaa. Nani anapinga?

Mzee wa Reli: Mimi. Sheria mpya ya maskini ilikuja 1918. Miaka mitano hiyo, na kelele za kufuta ile minada zilikuwepo kabla ya filamu.

Mtoto wa Tandika: Filamu bubu ni za watu wa kujifanya wasomi. Bila mtafsiri wa kibanda umiza, mimi dakika ya tano nakoroma 😂

Bi Chuma: Nimeshika chaki darasa la kwanza miaka 28, sijifanyi msomi wa chochote. Na nililia. Yule mwanawe anarudi baharia, mama hamtambui, mpaka anamtolea picha yake ya ujana. Hapo unataka mtafsiri aseme nini?

Mtoto wa Tandika: Shikamoo mwalimu. Sikukulenga wewe.

Bi Chuma: Marahaba. Ulilenga nani sasa?

Kipanga77: Turudi kwenye mada. Mnada gani, Mzee?

Mzee wa Reli: Wa kinyumenyume. Anayetaka pesa kidogo kabisa ya matunzo ndiye anapewa mtoto, kisha anamfanyisha kazi.

Mtoto wa Tandika: Duh. Huyu Sjöström si ndiye wa ile filamu ya gari la mauti, Körkarlen? Kuna jamaa anavunja mlango kwa shoka, mke na watoto wamejificha upande wa pili. Kubrick, yule mwongozaji wa The Shining, kaiba mzimamzima.

Kipanga77: Kuiba tena! Mlango na shoka vina hatimiliki?

Mtoto wa Tandika: Körkarlen 1921, The Shining 1980. Ziweke pamoja halafu uje uniambie ni bahati mbaya.

Bi Chuma: Kumbe bubu unaziangalia.

Mtoto wa Tandika: Kipande tu, mwalimu 🙈

Kipanga77: Shoka si lolote. Tazama gari linavyopita juu ya bahari kumfuata aliyezama, unaona mawimbi kupitia farasi. Mpiga picha wake, Jaenzon, alipitisha mkanda uleule kwenye kamera zaidi ya mara moja, kompyuta hakuna. Na anayeshika shoka ni Sjöström mwenyewe, huku anaongoza.

Bi Chuma: Halafu Hollywood wakamwita Seastrom. Hata jina la mtu liliwashinda!

Mtoto wa Tandika: Alipokea hela lakini. Mimi hata wakiniita Sandika nasaini.

Bi Chuma: Ndiyo maana hamfiki popote.

Mtoto wa Tandika: “Hamfiki” nani, mwalimu? Watu wa Tandika?

Kipanga77: Jamani.

Mzee wa Reli: Na ile ya 1918 hakuna aliyenijibu.